Malalamiko Kuhusu Umeme Usiokatika

Lukmani Isihaka,
Duka la Vitambaa, Sokoni,
Kibondo.
11 Novemba, 2014

Mheshimiwa Meneja wa Umeme,
Kibondo.

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA MGAO

Mheshimiwa,

Najua utakisoma kichwa cha habari hapo juu mara mbili, ukidhani karani wangu amekosea. Sina karani, na sijakosea. Nalalamika kwamba umeme haukatiki.

Kwanza nikupongeze. Tangu mlipofunga lile jenereta jipya, umeme unawaka asubuhi, unawaka mchana, unawaka hata mvua ikinyesha, jambo ambalo wazazi wetu wangelisikia wangesema tumerogwa. Mwanzoni nilishangilia kama wengine. Nilitoka nje nikapiga makofi, nikiamini kwamba ni majaribio tu na yataisha. Hayakuisha. Hapo ndipo shida zangu zilipoanza, nami nimezipanga kwa namba ili ukijibu usirukie ile iliyo rahisi.

1. Friji langu haliyeyuki.

Nina friji. Nililipata kwenye mnada, shirika moja la wahisani lilipofungasha virago baada ya kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu kufungwa. Ni friji zuri, linanifikia kidevuni, limekaa sebuleni kama mgeni wa heshima, na mke wangu amelifumia kitambaa cha maua cha kufunika juu. Kitu kimoja tu halina, nacho ni ufundi wa kujiyeyusha lenyewe. Enzi za mgao halikuuhitaji. Mlikuwa mkikata umeme, barafu inateremka, maji yanapita chini ya mlango hadi uani, bata wanakunywa, na umeme ukirudi friji linaanza maisha upya. Kumbe miaka yote mlikuwa mkiliyeyusha nyinyi, na wala hamkuwahi kudai ahsante. Sasa halipumziki. Barafu ilianza kama ukungu, ikawa kama unga wa muhogo uliomwagika, na leo kile kichumba cha juu cha kugandishia hakifungiki wala hakiingizi kiganja, na baridi yake imeshuka mpaka rafu ya chini yake nayo inagandisha.

Sikukaa bure. Nilimwagia maji ya moto kwa birika, barafu ikayanywa ikanenepa. Nikaweka jiko la mkaa mbele yake, mpira wa mlango ukapinda. Nikashika kisu. Ndipo nilipomwita fundi Pasikali, ambaye aligonga barafu kwa kidole kama anayebisha hodi, akanisikiliza mpaka nilipofika kwenye kisu, akashika kichwa. Alisema nyuma ya ile barafu kuna bomba la gesi, na nikilitoboa nitabaki na kabati. Akasema pia kwamba mpira ukipinda, hewa ya nje inaingia, na hewa hiyo ndiyo inayogeuka barafu, kwa hiyo jiko langu nalo limechangia. Dawa, akasema, ni moja: zima friji kutwa na kucha, acha mlango wazi, tandika matambara, subiri. Akanywa chai akaondoka.

Hapa wewe, Mheshimiwa, umeshachukua kalamu uandike "Azime." Tafadhali iweke chini, usome namba ya pili.

2. Hakuna wa kulizima.

Friji ni langu, lakini baridi ni ya ua mzima. Kwetu ukiwa na kisima jirani anachota, ukiwa na friji jirani anaweka. Ndivyo tulivyolelewa, na mtu akifunga friji lake kwa kufuli watu humwamkia kwa mbali. Humo ndani Mama Esteri anagandisha lambalamba zake za kuwauzia watoto wa shule ya msingi. Humohumo Mzee Nduwayezu, katekista mstaafu, anahifadhi samaki wake, mikebuka anayoletewa kutoka Kigoma, kwenye mfuko mweusi alioufunga kwa fundo ambalo analijua yeye peke yake. Wote ni watu wema, na sina neno juu yao.

Nilipowaeleza dawa ya fundi, walikubali palepale na kunisifu kwa kuwashirikisha. Mama Esteri alisema nizime bila wasiwasi, ila baada ya jua hili kupungua, maana sasa ndipo watoto wana kiu. Mzee Nduwayezu alisema nizime hata kesho, ila samaki wake ni wa ugeni wa padri, na padri hajasema anakuja lini. Kisha akaongeza kwa sauti ya upole, ile aliyokuwa akifundishia komunyo ya kwanza, akimtaja Mungu kwa lugha ya kwao: "Wewe zima tu, Lukmani. Wakioza, Imana ndiyo inajua nani alizima."

Nikuulize, Mheshimiwa, mtu anazimaje baada ya maneno hayo?

Wakati wa mgao samaki wa Mzee walianza kunuka mara nyingi, na lambalamba za Mama Esteri zikawa maji matamu. Hakuna aliyenuna. Tulisema "umeme bwana," tukawasha mkaa uani, tukakaanga samaki wote siku hiyohiyo, watoto wakanywa lambalamba kwa vikombe, mke wangu akasonga ugali wa watu wote, na Mzee akaomba baraka huku mimi nikisema bismillahi. Lawama zote zilikuja ofisini kwako, ambako nafasi ipo. Sasa mkono wowote utakaogusa ile waya utakuwa mkono wenye jina, na jina lenyewe ni langu.

Nilijaribu hata njia ya mkato. Niliacha LUKU iishe, nikiwa nimeshajiandaa kushangaa. Mashine ilipoanza kulia, Mama Esteri aliisikia kupitia ukutani, akaja mbio na namba za uniti alizoziandika kwenye kiganja, akaziingiza mwenyewe, akaniambia, "Usijali jirani, mimi nipo." Nilimshukuru. Ningefanyaje?

3. Kuna mguu wa mbuzi ndani ya barafu.

Sikukuu ya kuchinja nilichinja. Kwenye ukoo wetu mama mkwe akiwa hai hasahauliwi. Mguu wa nyuma, mzima, haujapitiwa na panga, unapelekwa nyumbani kwake, na anayeupeleka ni mkwe mwenyewe, hautumwi kwa kondakta wa basi kama gunia la maharage. Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, anakaa Kasulu. Wiki ile mvua ilikuwa kubwa, magari yakalala njiani, nami nikauweka mguu kwenye kile kichumba cha juu, ndani kabisa, nyuma ya samaki wa padri, ambao wakati ule walikuwa bado humo, ili mtu asije akauchukua kwa bahati mbaya. Pale pale ndipo barafu ilipoanzia.

Mguu bado umo. Ukimulika tochi kwa ubavuni unakiona kitu cha hudhurungi chenye goti.

Bi Mwanahawa alisubiri huku jirani zake wote wakila miguu yao. Mwishowe alipanda gari akaja. Hakuuliza habari za mguu, maana yeye ni mtu wa adabu na kwao asili ni Ujiji. Alikunywa chai, akasifu nyumba, akauliza mbuzi wa Kibondo siku hizi wanazaliwa na miguu mingapi. Nikainuka, nikafungua friji, nikammulikia tochi. Alitazama, akasema ni kweli macho yake yameanza kuchoka, ila si kwa kiasi hicho.

Mkwe hajibizani na mkwewe, na hata ningejibu, ushahidi wangu ulikuwa umeganda.

4. Mke wangu ameondoka.

Zuhra aliniambia neno moja: "Zima." Nilimweleza yote niliyokueleza kwenye namba ya pili, kwa mpangilio huohuo. Akasema basi atazima yeye, na atasema ni yeye. Nilikataa. Mwanaume mzima hawezi kujificha nyuma ya kanga ya mkewe. (Kujificha nyuma ya Meneja wa Umeme sijaona andiko linalokataza.) Akanitazama, akasema, "Lukmani, unaogopa watu wawili na mfuko wa samaki." Akakunja baadhi ya nguo zake, akafuatana na mama yake hadi Kasulu.

Ameniletea salamu kwa dereva mmoja. Anasema hana hasira, ila hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo friji lina kauli kuliko mwenye nyumba.

Nimemkumbuka, Mheshimiwa. Naliandika hili kwenye barua ya kiofisi kwa sababu sina pengine pa kuliandika. Kitambaa chake cha maua kimelowa na kuingia ukungu, wala sijui kinafuliwaje bila kuharibu nyuzi. Nikirudi kutoka dukani jioni, kinachonguruma kunipokea ni friji. Juzi niligombana nalo kwa sauti, nikasikia Mama Esteri anakohoa upande wa pili, ikabidi nijifanye nasoma taarifa ya habari.

5. Aibu zimerudi kwa wenyewe.

Nisije nikaonekana mbinafsi. Wewe uliza tu mjini. Fundi nguo aliyekaa na suruali ya mtu tangu mfungo alikuwa akisema umeme, na mtu anapoa. Leo anasema nini? Kinyozi aliyekuwa akilala mchana analala bado, ila sasa wateja wanamwamsha. Kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa sababu nina karatasi zangu kule, mashine ya kutolea nakala ilikuwa haifanyi kazi kwa ajili ya umeme. Umeme umekuja. Ikagundulika kwamba haina wino, na kwamba haikuwahi kuwa na wino. Mzee mzima anayesimamia ofisi hiyo alilazimika kusema "njoo kesho" bila sababu yoyote, na nilimwona jinsi alivyoumia.

Na wanaume wa mji huu, waliokuwa wakichelewa nyumbani kwa kusubiri umeme urudi wamaliziwe kunyolewa, sasa wanaingia na nywele zilezile na hawana la kusema. Mgao ulikuwa umebeba aibu za wilaya nzima. Mmeutua mzigo huo bila kutuuliza nani ataubeba, na nakuhakikishia kwamba hatuna mabega hayo.

6. Uchaguzi.

Mwezi ujao tunachagua viongozi wa mitaa na vijiji. Mimi sigombei, ingawa hata asiyegombea anahitaji majirani. Nilimsikia mgombea mmoja akiahidi kutuletea umeme, akitumia kipaza sauti kilichochomekwa ukutani. Watu walimwonea huruma sana.

Baada ya kuyasema hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, mkate umeme Kibondo nzima, kutwa na kucha, siku yoyote isiyo ya Ijumaa. Ikiwezekana gari la matangazo lipite likitaja wazi kwamba ni uamuzi wa ofisi, na lifike mpaka Busunzu, maana Mama Esteri ana dada yake huko na habari hurudi.

Msitoe maelezo ya sababu. Mkieleza, watu watatia shaka, kwa kuwa hatujazoea kuelezwa. Inatosha kusema "hitilafu."

Kama wilaya nzima ni kubwa mno, basi kata nyumba yangu peke yake. Ila mtumishi wako aje amevaa sare, aje na ngazi, aje siku ya soko Mzee Nduwayezu akiwa amekaa kibarazani kwake. Apande nguzo polepole. Mimi nitatoka nimsihi asikate, nitapaza sauti kidogo, na namwomba asinisikilize. Kama ni mtu wa huruma, mtume mwingine.

Mwisho, naomba ofisi yako imwandikie Bi Mwanahawa wa Kasulu barua fupi yenye mhuri, ikithibitisha kwamba barafu ilikuwepo, kwamba ilikuwa nene, na kwamba kuiyeyusha lilikuwa jukumu la serikali ambalo lilicheleweshwa. Akiuona mhuri atamruhusu Zuhra arudi. Yeye huheshimu mihuri kuliko tochi.

Sitaki uniwekee umeme mdogo, wala usiniletee fundi mwingine. Fundi Pasikali alisema kweli na dawa naijua. Kinachokosekana ni mtu wa kulaumiwa, na katika wilaya hii, bila kukukosea adabu, hakuna mwenye uzoefu huo kuliko ofisi yako. Tulikuwa tukikulaumu vizuri. Tulikulaumu Waislamu na Wakristo pamoja, waliotoka Burundi na waliozaliwa hapahapa, kwa sauti moja, na tukimaliza tunakula samaki. Kitu kama hicho hakirudi chenyewe kikishapotea.

Nifikishie salamu kwa watumishi wote, hasa wale vijana wa nguzo ambao tuliwahi kuwarushia maneno wakiwa juu, waambie hatukuwa na nia mbaya. Msalimie mlinzi wa jenereta, mwambie mwakeye, kwa salamu ya huku kwetu, kutoka kwa Lukmani wa vitambaa. Wasalimie na nyumbani kwako, mama watoto na watoto, nami natumaini kwamba friji lenu ni la aina ile inayojiyeyusha.

Ni mimi mteja wako mtiifu, ninayewaka mfululizo,

Lukmani Isihaka

Nyongeza: Barua ilikuwa mezani, bado haijaingia kwenye bahasha, Zuhra alipotokea magharibi hii. Hakubisha hodi, nyumba ni yake. Alisema amekuja mara moja tu kuchukua kanga alizosahau, na gari linamsubiri asubuhi. Akaiona barua akaisoma akiwa amesimama, yote. Alipofika mwisho alirudi kwenye namba ya nne akaisoma tena. Kisha akaenda ukutani akachomoa waya. Friji likatetemeka, likanyamaza.

Friji likinyamaza, Mheshimiwa, ua mzima unasikia. Mama Esteri alikuwa mlangoni hapohapo, na Mzee Nduwayezu nyuma yake na fimbo yake, wakauliza limekuwaje. Zuhra alinigeukia mimi, akasubiri. Nilifungua mdomo nikiwa nimekusudia kabisa kusema ukweli, wallahi, nikajisikia nasema, "Umeme umekatika."

Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu. Redio ya Mama Esteri ilikuwa inasoma matangazo ya vifo kwa sauti ya kusikika barabarani. Wote wakatazama taa. Nilitamani ile barafu inimeze na mimi. Zuhra akanyoosha mkono, taratibu, akazima taa.

Tukabaki gizani. Halafu Mzee Nduwayezu akasema, "Yoo, hawa watu wa umeme hawa." Mama Esteri akasema hata yeye alishangaa umedumu muda wote huo. Akaenda kwake, tukasikia redio inazimwa, akarudi na jiko lenye mkaa. Mzee akafungua lile fundo lake mwenyewe.

Samaki tumewala. Kwa hiyo ombi langu nalifuta lote, umeme usikatwe. Ila mtu yeyote wa mtaa huu akikuuliza, ulikatika jioni ya leo, nyumba tatu tu.

Naandika haya kwa mwanga wa makaa. Barafu inadondoka vipande vipande, goti la mbuzi limeshatoka nje, na maji ni mengi kuliko alivyosema fundi. Matambara yamekwisha, na Zuhra ametandika chini zile kanga alizokuja kuchukua.